Namba Moja Iko Nyuma

Wenzangu wa karakana, mmenichosha na maswali. Tangu nirudi chuoni Jumatatu, kila anayepita karibu na benchi yangu anasimama: "Mwalimu, kulienda aje huko Bungoma?" Mnauliza pia kwa nini siku hizi tukifika kwenye somo la plagi nawaachia nyinyi mfundishe, nami najifanya nina kazi ya kupaka grisi. Basi nimeona niandike mara moja, msome wote, mniache nipumue. Mkimaliza msije kunipa pole. Pole yenyewe si yangu.

KITALE

Tulikuwa tunaenda kuzika. Mzee Barasa, kaka yake mama mkwe wangu, alikuwa amefariki nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Bungoma, na mazishi yakapangwa Ijumaa. Mnajua ratiba za mazishi ya kwetu. Asubuhi watu wanauaga mwili, saa sita kamili sanduku linafungwa, ibada inaanza, saa nane marehemu anaingia kaburini. Mchungaji ana mazishi mengine, kwa hivyo hapo hakuna kubembelezana.

Mama mkwe na huyu kaka yake hawakuwa wamesemezana kwa miaka sita. Baba mkwe alipokufa, Barasa hakuja kumzika, hakutuma mtu, hakutuma hata neno. Mama akaapa hatakanyaga kwake, na mama ni mtu wa kushika neno lake. Habari ya kifo ilipofika, alimwambia mke wangu Naliaka kwa simu maneno machache tu: "Nataka nimwone uso kabla hawajafunika. Niko na neno la kumwambia." Kwao, aliyekosana na marehemu husimama kando ya sanduku likiwa wazi, akasema lililo moyoni mwake mbele ya ule uso, akaliacha hapo. Sanduku likishafungwa, analibeba neno lake mpaka naye aende zake.

Kwa hivyo nilikuwa na kazi moja tu, kumfikisha mama kabla ya saa sita.

Gari ni lile pikapu la Kifaransa la marehemu baba mkwe, lile mnalolicheka hapa likiingia. Nilikuwa nalitunza mimi tangu afariki. Ni gari la enzi za distribyuta, si haya ya leo ambayo kila plagi ina koili yake na kompyuta inaamua yote. Alhamisi mchana nilisafisha plagi zote nne, nikapima nafasi ya kila moja, nikaangalia pointi, nikawasha. Liliunguruma vizuri hata nikamwita Naliaka atoke jikoni aje asikilize. Alisikiliza kidogo, akasema mboga inaungua.

Ijumaa tuliondoka saa moja asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na Kitale yote ilikuwa matope. Tulisimama kunywa chai na mandazi, nikaagiza kikombe cha pili, nikakaa. Naliaka akaniambia twende. Nikamwambia Bungoma si Mombasa.

KITALE HADI NDALU

Kwa mama ni Ndalu, na barabara ya kuingia bomani kwake ilikuwa imeoza kwa mvua. Tuliteleza mara mbili hadi karibu na mahindi ya watu. Tulipofika nilibaki uani kama inavyotakiwa.

Kwa wale ambao hamtoki kwetu, niwaeleze. Kwa Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hampeani mikono, hamli chumba kimoja, hamketi kiti kimoja. Mkikutana njiani, kila mtu anapisha upande wake. Ni heshima, si chuki. Mkiwa na neno, linapita kwa mtu wa katikati. Kwetu ipo njia ya kuulegeza mwiko huo: mkwe anapeleka blanketi, wazee wanakaa, maneno yanasemwa, na kuanzia siku hiyo mnaweza kusalimiana kama watu. Nimeoa miaka ishirini na miwili. Hilo blanketi nimekuwa nikilipanga kila Krismasi.

Nililetewa viazi vitamu na chai kwenye nyumba ndogo, nikala peke yangu. Naliaka akaja kuniuliza mama atakaa wapi.

"Mbele, na wewe," nikasema. "Mimi nitaangalia barabara."

"Ati akae mbele na wewe? Baba Nafula, uko sawa?"

"Mvua ikinyesha je?"

"Anasema atakaa nyuma. Ameshatoa kiti."

Na kweli, mama alitoka na kiti cha plastiki, blanketi na kuku mweupe amemshika kwapani, wa kupeleka jikoni kwa wafiwa. Mama ana miaka sabini na kitu na nyonga yake inamsumbua. Naliaka na jirani mmoja wakampandisha nyuma ya pikapu chini ya turubai, akaketi akitazama tulikotoka, mgongo wake umeelekea dirisha langu dogo la nyuma. Hivyo kila nilipotazama kioo niliona kitambaa chake cha kichwa tu.

Tuliondoka hapo saa tatu kasoro robo. Nilikuwa bado na saa tatu nzima mkononi.

NDALU HADI KARIBU NA LUGULU

Tulirudi kwenye lami pale Kamukuywa, na gari likaanza kukimbia. Naliaka akaimba kidogo. Mahali pamoja kabla ya kufika Lugulu barabara inashuka bondeni, na maji yalikuwa yamejaa upande kwa upande. Niliingia polepole kama ninavyowafundisha wanafunzi. Lori lililokuwa linakuja upande wa pili halikufundishwa na mimi. Lilipita kwa kasi, likatumwagia bonde zima juu ya boneti.

Injini ikamisi, ikawa inaruka mapigo. Ikashika, ikamisi tena, tukapanda kilima kwa kudundadunda, na pale juu ikazima kabisa.

Sikuogopa hata kidogo, na heri ningeogopa. Nilijua ugonjwa kabla sijafungua boneti. Nyinyi mnaujua, lakini mke wa mwenzetu mmoja atasoma hii pia, kwa hivyo acha nieleze. Betri ina volti kumi na mbili tu, hizo haziwezi kuruka hata nafasi ya unywele. Umeme huo mdogo unapita kwenye koili. Ndani ya distribyuta, kile kikasha chenye kifuniko zinakotoka waya za plagi, kuna pointi, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana kadiri injini inavyozunguka. Vikigusana, umeme unatiririka kwenye koili, na vikiachana ghafla, umeme unakatika. Ule mkato ndio unaozaa umeme mkali wa maelfu ya volti. Huo mkali unapita waya mnene wa katikati, unafika kwenye rota inayozunguka chini ya kifuniko, na rota inaugawa kwa waya nne, kila mmoja kwa zamu yake, hadi kwenye plagi nne. Mdomoni mwa plagi kuna nafasi nyembamba. Umeme unairuka, cheche inatoka, petroli inawaka, pistoni inasukumwa chini, nawe unakwenda mazishini.

Kifuniko kikilowa, umeme unafanya uvivu. Badala ya kuruka ile nafasi, unateremka na maji hadi kwenye chuma cha injini, unapotelea huko. Dawa yake ni kitambaa kikavu. Unatoa waya mmoja, unaupanguza, unaurudisha mahali pake, ndipo unatoa wa pili. Mnajua ninavyowapigia wanafunzi kelele juu ya jambo hilo.

Siku hiyo nilitoa zote nne kwa mkupuo, kwa sababu nilikuwa nimejiona fundi. Nilipanguza kila kitu kwa leso ya Naliaka, kifuniko kikang'aa, kisha nikaanza kurudisha. Juu ya kifuniko baba mkwe alikuwa amekwaruza kwa msumari alama ya namba moja. Nikachukua hapo, nikapeleka waya kwenye silinda ya mbele, ile iliyo karibu na feni, maana hiyo ndiyo namba moja. Zilizobaki nikazifuatisha kwa mpangilio wake: moja, tatu, nne, mbili. Mpangilio huo ni kama mama anayewalisha watoto wanne kwa zamu. Kila mmoja apewe wakati amefungua mdomo. Ukimlisha aliyekwisha kumeza, chakula kinamwagika.

Nikapiga stata. Injini ilizunguka, ikapiga chafya kwenye kabureta, ikatulia. Nikapiga tena. Ikalipua mshindo kwenye ekzosi hata kuku wa mama akapiga kelele huko nyuma.

"Bado kuna unyevu," nikamwambia Naliaka. "Dakika tano."

Ilikuwa saa nne kasoro robo.

Hapo watu wakaanza kukusanyika. Wa kwanza alikuwa mtu wa bodaboda. Alizima pikipiki, akatazama injini kwa muda, akauliza, "Mafuta iko?" Nikamwambia yapo. Akaja mzee mwenye jembe begani. "Labda ni mafuta," akasema. Akaja mama mmoja anayeuza ndizi, akatuuzia ndizi, kisha naye akasema, kwa upole kabisa, "Mwalimu, si uangalie mafuta kwanza?" Sijui alijuaje kwamba mimi ni mwalimu. Pengine ni vile nilivyokuwa nikimjibu yule mzee.

Nilikausha kila kitu mara ya pili. Nikatoa plagi, zilikuwa zimelowa petroli, nikazipanguza. Nikaweka moja juu ya chuma cha injini, Naliaka akapiga stata, cheche ikaonekana, ya buluu, yenye nguvu. Umeme ulikuwepo, petroli ilikuwepo, hewa ilikuwepo, na gari halikuwaka.

Matatu ya Bungoma ikapunguza mwendo. Kondakta akachomoza kichwa. "Bungoma? Siti ya mama iko, mbele kabisa."

Naliaka alikuwa amesimama kati yangu na nyuma ya gari. "Baba Nafula, mama anauliza kama apande hii."

"Mwambie dakika tano. Atoke kwa gari ya mume wake, aingie kwa Barasa kama mgeni wa kawaida? Nimeshaipata, ni kondensa tu."

Haikuwa kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme kando ya pointi. Matatu ikaondoka. Mnajua, ukweli ni kwamba nilitaka watu wa Bungoma waone lile gari likiingia. Nilitaka waone jinsi mzee wetu alivyoacha boma lake mikononi mwa mtu. Hilo nalisema hapa kwa sababu sijalisema mahali pengine popote.

Baada ya kitambo Naliaka akarudi kutoka nyuma ya gari. Safari hii alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa.

"Mama anasema namba moja iko nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Upande wa giaboksi. Ati baba alikuwa anahesabu kutoka huko."

Nilikuwa nimeinama, koili inanipiga mishtuko, mzee wa jembe ananiangalia, tumbo limejaa ndizi. "Mwambie mama injini huhesabiwa kutoka kwa feni. Nimefundisha hivyo miaka kumi na tisa. Amwachie fundi kazi yake."

Nilimwona Naliaka akipanda nyuma, akaketi sakafuni kando ya kiti cha mama. Sijui kama alimpelekea jibu langu lote au nusu yake. Sijawahi kumuuliza.

Angekuwa ni mama yangu mzazi, angeshuka, anisukume kando, anioneshe kwa kidole. Huyu hakuweza. Mahali nilipoinama hakuweza kuja, na mimi sikuweza kwenda alipo kumwuliza, "Mama, unajuaje?" Tulikuwa na hatua nne kati yetu. Matatu ya pili ikapita, ikasimama, nami nikasema dakika tano. Ya tatu haikusimama, ilikuwa imejaa.

Nilipiga stata hadi betri ikaishiwa nguvu.

KANDO YA BARABARA, SAA TANO NA NUSU

Mama alishuka. Nilisikia kiti kikikwaruza, nikasikia Naliaka akisema "polepole," kisha nikaona sketi yake ikipita upande wa pili wa gari. Nikapisha macho. Alikwenda akasimama ukingoni mwa barabara, akinipa mgongo, akiwa amemkumbatia yule kuku, akatazama mahindi ya watu. Akaanza kuongea na kuku kwa Kibukusu, kwa sauti ambayo hata mzee wa jembe aliisikia. Nawatafsiria.

"Wewe kuku," alisema, "wewe hukumjua mwenye hili gari. Huyo alikuwa hana kitabu. Likikataa, alikuwa anatoa plagi ya mbele, ananiambia, mama, ziba hilo tundu na kidole gumba. Mimi naziba, yeye anazungusha hendeli. Upepo ukinisukuma kidole namwambia tayari. Ndipo anafungua kifuniko aone rota inatazama wapi. Waya wa pale rota inapotazama ndio wa plagi niliyoziba. Tulikuwa tunafanya hivyo asubuhi, kabla ya kukamua. Kuku, mimi nimeziba hilo tundu miaka mingi."

Mama wa ndizi akasema, "Ee, hata mimi nimeelewa."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nitahiriwe. Kwa sababu hilo la kidole, nyinyi mnajua, ni somo la wiki ya pili. Ndilo la kwanza ninalowafundisha vijana wakija hawajui hata spana. Hewa ikisukuma kidole, silinda hiyo iko kwenye mgandamizo, nayo ndiyo inayosubiri cheche. Injini yenyewe inakuambia namba yake, haihitaji alama ya msumari wala mwalimu. Nami nilikuwa nimesimama pale zaidi ya saa moja na nusu bila kuiuliza.

Nilitoa plagi ya mbele. Naliaka akatumbukiza hendeli, akazungusha. Nikaziba. Hewa ikanisukuma. Nikatazama rota: ilikuwa imeelekea upande wa pili kabisa wa ile alama ya msumari, kwenye waya niliokuwa nimeupeleka silinda ya mwisho. Yaani mpangilio wangu ulikuwa sawa, wote, moja, tatu, nne, mbili, ila nilikuwa nimeanzia upande usio wake. Wafaransa waliolitengeneza gari hilo walihesabu kutoka kwa giaboksi, na baba mkwe alijua. Kila cheche niliyokuwa natoa ilikuwa inampa chakula mtoto aliyekwisha kumeza.

Nikabadilisha waya wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu. Mtu wa bodaboda na mzee wa jembe wakatusukuma. Liliwaka kabla ya kufika kwenye mti wa kwanza.

Kazi yote hiyo, kutoa plagi, kuziba, kubadilisha, ilichukua dakika tano.

LUGULU HADI BUNGOMA

Ilikuwa saa sita kasoro dakika chache. Naliaka alimpigia binamu yake simu. Alisikiliza, akasema asante, akasema tena asante, akakata.

"Mchungaji amekubali kungoja nusu saa. Zaidi ya hapo ameshindwa."

Nilikimbiza lile gari kama sijawahi. Pale Lugulu, karibu na hospitali ya misheni, wanafunzi walikuwa wanavuka barabara, na walivuka wote, mmoja mmoja, wakipunga mikono. Tukateremka hadi Webuye, tukaingia barabara kuu, na hapo tukakuta malori ya mpakani yamejipanga mbele yetu. Mvua ikaanza tena. Nikitazama kioo niliona turubai linapigwa na upepo na mama ameshika kiti kwa mkono mmoja na kuku kwa mwingine. Naliaka hakuimba. Alikuwa ameshika simu mapajani, skrini juu, ili saa ionekane.

Saa sita na nusu tulikuwa bado nyuma ya lori la mafuta. Niliona Naliaka akigeuza simu, akailaza kifudifudi. Nilitaka kusema kitu. Nikasema, "Tunakaribia." Akasema, "Endesha."

BUNGOMA

Tulifika saa saba na dakika kumi. Kwa mbali tulisikia wimbo, na mimi nikajua, kwa sababu wimbo ule huimbwa ibada ikiwa imeshaanza.

Wanawake walikuja wakamshusha mama. Wakamwongoza katikati ya mahema, watu wakampisha. Sanduku lilikuwa juu ya meza mbili, limefunikwa kitambaa cheupe na shada la maua. Mama alisimama hapo, akaweka kiganja juu ya kitambaa, mahali ambapo uso ungekuwa. Naliaka akamwendea mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi, akamnong'oneza.

Yule mtu alitoka kwenye kiti chake, akapiga goti mbele ya mama. Alisema kwa heshima, akimwita senge, yaani shangazi kwa Kibukusu; sina ubaya naye. "Senge, tulikungoja. Tulingoja hadi mchungaji akatuuliza kama tunacheza. Tumeomba, tumefunga. Kufungua mara ya pili, kwetu hapa hatufanyi. Utusamehe."

"Sawa," mama akasema.

Lile neno hakulisema. Nilikuwa nimesimama mbali, kwenye kona ya hema la mwisho, lakini nilikuwa nikitazama midomo yake, nayo haikufunguka tena. Alisimama mpaka wimbo ukaisha, kisha akaongozwa kwenye kiti. Kaburini alitupa udongo kama watu wote, akarudi.

Nililetewa wali, nyama na kabichi. Msichana aliyeleta sahani alisema, "Kula, dereva, umetoka mbali." Sikumsahihisha. Nilikula vijiko viwili, sahani nikaiweka chini ya kiti.

Baadaye bwana mmoja akanijia. Alikuwa amesikia kwamba mimi ni fundi wa Kitale, na gari lake, bana, linamisi tangu jana, mvua hii. Nilitaka kumfukuza. Nikaenda. Nikafungua boneti, nikatoa waya mmoja, nikaupanguza, nikaurudisha. Nikatoa wa pili. Alikuwa amesimama nyuma yangu akiniuliza kwa nini nakwenda polepole hivyo, na si ningetoa zote tumalize. Nikamwambia hivi ndivyo inavyofanywa. Lilipowaka vizuri alinishika mkono, akasema Mungu ndiye alinileta pale siku hiyo. Nilirudi kwenye gari letu, nikakaa ndani, nikafunga vioo.

KURUDI NDALU

Tuliondoka saa kumi, wafiwa wakiwa wanaanza kukunja mahema. Mvua ilikuwa imekatika. Gari halikumisi hata mara moja, Webuye, Lugulu, lile bonde la maji lililokuwa sasa limepungua hadi kwenye vifundo, Kamukuywa, hadi Ndalu. Ningefurahi kama lingezima.

Jua lilikuwa bado lipo tulipofika kwa mama. Naliaka akamshusha, akamwingiza ndani. Nilibaki uani nimeegemea mlango wa gari. Alipotoka kuchukua kiti cha plastiki, nikamzuia.

"Nenda umwambie nimekosa," nikasema. "Umwambie si mvua, wala si gari. Gari liko sawa, halina shida. Umwambie alinituma neno la kweli nikalikataa kwa kiburi, na nikamnyima matatu mbili. Usipunguze kitu. Sema vile nimesema."

Naliaka alinitazama muda. Siku nzima hakuwa amenitazama hivyo. Akaingia ndani. Alikaa sana. Kuku wa majirani walipita, wakaingia kulala. Nilisikia sauti ya mama ndani, ya chini, bila haraka, na sikuweza kushika maneno.

Naliaka akatoka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Anasema hakulaumu."

"Amesema nini hasa?"

Alijifuta uso kwa ncha ya leso, ile ile yenye grisi. "Amesema mwezi uliopita mjomba alituma mtu hapa. Mimi sikujua. Alimtuma amwambie mama kwamba yeye mjomba anaumwa, anataka mama aende waongee, wayamalize. Mama akamwambia yule mtu, mwambie angoje kidogo, nipalilie mahindi kwanza."



"Akasema nikwambie anajua vile unasikia," Naliaka akasema, "kwa sababu ndivyo yeye pia anasikia."

Nilitazama shamba lake pale nyuma ya nyumba. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, safi, hayana gugu hata moja. Nikamwambia Naliaka apande twende.